Kwa nini nyuso za mawe yetu zimebanduka, na kwa nini zinatisha badala ya kuchekesha?

Msomaji wetu, mwalimu wa darasa la pili jijini Mwanza, anauliza: "Watoto wangu walichora nyuso za vichekesho kwenye mawe tuliyookota ufukweni na mengine nyuma ya shule. Tulitumia rangi ya maji ya shuleni, maka peni nyeusi kwa macho na midomo, kisha nikapaka gundi nyeupe ya seremala juu ili yang'ae. Mvua mbili tu, rangi imebanduka na gundi imegeuka nyeupe. Kuna mistari iliyosambaa pale pale nilipopitisha brashi. Isitoshe, mawe mengi hayachekeshi. Watoto wa chekechea wanayaogopa. Muhula ujao tunataka kurudia, mengine tuyapange kwenye bustani ya shule na mengine tuyauze siku ya wazazi. Tunakosea wapi?"

Mwalimu, umeuliza mambo mawili ila ugonjwa ni mmoja: vitu vimezidi juu ya jiwe. Rangi nene hubanduka, na uso uliojazwa mambo hutisha. Nitaanza na kubanduka, kwa sababu uso ukichekesha namna gani hauna maana ukishaanguka chini kama maganda ya kitunguu.

Kwanza, jiwe lenyewe. Mawe mengi ya Mwanza ni graniti, na graniti ni jiwe zuri likiwa zima. Lakini kile kipande cha nyuma ya shule, kilichomeguka mwambani na kukaa juani na mvuani miaka mingi, ngozi yake ya nje imeoza. Kisugue kwa kidole gumba: ukiona chembe zinatoka, achana nacho. Rangi itashika chembe vizuri tu, ila chembe hazishiki jiwe. Kipimo kikali zaidi ni selotepu: bandika kipande juu ya jiwe kavu, kikandamize, kisha kibandue kwa ghafla. Kikitoka na mchanga, hakuna rangi ya bei yoyote itakayodumu hapo.

Mawe yaliyosuguliwa na mawimbi ndiyo bora: laini, mazima, na mengi yana umbo la yai au la mkate. Chagua yenye urefu wa sentimita 6 hadi 10. Madogo kuliko hapo yanamshinda mtoto wa miaka 8 kuyachora, na makubwa yanakula rangi na kumponda vidole. Yaokote sehemu kavu ya ufukwe. Usiwaingize watoto majini kutafuta mawe mazuri zaidi, kwa sababu kichocho kipo Ziwa Victoria na huingia mwilini kupitia ngozi iliyo ndani ya maji, hata kama ni miguu tu. Usipopata ya kutosha, wauza miche na maua wa barabarani huwa na viroba vya mawe ya mapambo. Yale meupe yanayong'aa mara nyingine yamepakwa nta au mafuta. Dondoshea tone la maji: likisimama kama shanga bila kutanuka, kuna mafuta, na itabidi ulisugue kwa maji ya moto na sabuni ya kuoshea vyombo, kisha ulipige msasa namba 120 mpaka mng'ao ufe.

Hilo tone linakuambia na jambo jingine. Likinywewa ndani ya sekunde chache, jiwe lina vinyweleo vingi. Linafaa, ila litahitaji mkono wa kwanza wa rangi iliyozimuliwa, na lisikae juu ya udongo wenye unyevu. Kwa wasomaji wa Pwani, jiwe la matumbawe ndilo hili hasa, na lina tatizo la ziada, yaani chumvi. Chumvi iliyo ndani ya jiwe husafiri na unyevu hadi juu, ikaota chini ya rangi kama unga mweupe na kuisukuma. Jiwe la baharini lilowekwe kwenye maji yasiyo na chumvi siku 4 au 5, maji yakibadilishwa kila siku. Wa Kisii, Kenya, na jirani zake wenye mawe ya sabuni, yale laini ya kuchonga vinyago, wakumbuke kwamba vipande vilivyokwisha kung'arishwa kwa nta havishiki rangi. Tumia vipande ambavyo havijang'arishwa au ondoa nta kwa msasa.

Kuhusu kuokota: hifadhi za taifa na hifadhi za bahari haziruhusu kuondoka na mawe, basi huko usiokote hata moja. Na chora mawe ya kubebeka tu. Nasema hivi kwa sababu miamba mikubwa ya Mwanza inashawishi, lakini rangi juu ya mwamba haitoki bila kuudhuru, na Tanzania ina michoro ya kale miambani, ile ya Kondoa iliyoingia orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006, ambayo wachoraji wa vichekesho si wageni wanaotakiwa karibu nayo.

Kuosha si kusuuza. Sugua kila jiwe kwa brashi ya kufulia na sabuni, hasa kwenye vishimo na nyufa ambako kuna ukungu wa kijani. Huo ukungu ukibaki hai utaendelea kukua chini ya rangi. Suuza mara mbili, panga mawe juani juu ya wavu au kokoto, yageuze mchana, na uyaache siku 2 za jua. Jiwe huwa kavu kwa nje saa nyingi kabla halijakauka ndani. Maji yaliyobaki ndani ndiyo yanayotoka baadaye yakiwa mvuke na kuinua rangi kuwa malengelenge, na nadhani ndicho kilichowapata kwa yale mawe ya ufukweni. Usiharakishe kwa kuyaweka juu ya jiko la mkaa au kwenye moto. Jiwe lenye maji ndani likipashwa moto ghafla hupasuka, na vipande vyake huruka.

Sasa rangi. Rangi ya maji ya shuleni, ile ya unga au ya vichupa vya plastiki, imetengenezwa iweze kufuliwa kwenye sare. Kwa maneno mengine, inayeyuka tena ikikutana na maji. Hiyo haikuwahi kuwa na nafasi mbele ya mvua. Unachohitaji ni rangi ambayo ikishakauka hairudi kuwa majimaji, na ya bei nafuu kwa darasa ni rangi ya maji ya kuta za nje, nyeupe, kutoka duka la vifaa vya ujenzi, ikisaidiwa na tyubu chache za rangi ya akriliki kwa ajili ya nakshi. Zote mbili huoshwa kwa maji kwenye brashi zikiwa mbichi, na zikikauka huwa ngozi ya plastiki.

Rangi ya mafuta siipendekezi kwa watoto. Inahitaji thina, inanuka, inachukua saa 8 hadi siku nzima kukauka, na makopo ya zamani yaliyobaki kwenye stoo za shule yanaweza kuwa na madini ya risasi, sumu inayoathiri ubongo wa mtoto. Kama kuna kopo ambalo hakuna anayekumbuka lilinunuliwa lini, lisifunguliwe kabisa kwa kazi hii. Na usipake rangi ya maji juu ya rangi ya mafuta inayong'aa. Haishiki, itabanduka kwa ukucha.

Kiasi: lita 1 ya rangi ya ukutani hupaka takriban mita 10 za mraba kwa mkono mmoja. Jiwe la kiganja, likipakwa pande zote, lina eneo la sentimita za mraba 120 hivi, kwa hiyo hesabu mililita 2 kwa mkono ukijumlisha inayobaki kwenye brashi. Mawe 40, mikono miwili, ni mililita 160. Usinunue ndoo. Lita moja itawatosha mwaka mzima na bado utamgawia mwalimu wa darasa la tatu.

Mkono wa kwanza changanya sehemu 3 za rangi kwa sehemu 1 ya maji ili iingie kwenye vinyweleo. Mkono wa pili usiongeze maji kabisa, au matone tu. Kosa la watoto, na la watu wazima, ni kutaka jiwe liwe jeupe kabisa kwa mkono mmoja. Tabaka nene hukauka juu kwanza, chini likabaki bichi. Juu linajikunja na kupasuka nyufa nyembamba. Mkono mwembamba unaoonyesha jiwe kwa mbali ndio sahihi. Juani unakauka kwa dakika 20 hivi. Siku ya mawingu upe saa nzima. Jaribu kwa mgongo wa kidole: ukihisi ubaridi, bado kuna maji.

Huo weupe wa chini una kazi nyingine. Njano, nyekundu na rangi ya chungwa huwa zinapitisha mwanga, hivyo njano juu ya jiwe la kijivu hutoka kijani chafu, hata ukipaka mara nne. Juu ya weupe, mkono mmoja au miwili inatosha.

Kupaka jiwe zima bila kuacha alama za vidole: paka nusu ya juu, liweke likauke, ligeuze. Lisimamishe juu ya vifuniko vitatu vya chupa za soda, meno yakitazama juu. Jiwe linagusa ncha chache tu, halinati kwenye gazeti. Karatasi za gazeti zilizoganda chini ya mawe ni karaha ambayo kila darasa huipata mara moja. Kwa mawe yatakayokaa bustanini, tumbo la jiwe liache bila rangi, lipate pa kutolea unyevu.

Tuje kwenye maka peni. Wino wake huyeyuka kwenye spiriti, na vanishi nyingi za kupuliza zina viyeyusho vya namna hiyo. Ukipuliza hadi jiwe lilowe, mistari inatambaa. Gundi yako ya seremala ni ya maji, lakini brashi yake ilisugua wino uliokaa juu ya rangi ya shule, rangi ikalowa, ikachukua wino na kwenda nao. Rangi ya kucha isiyo na rangi, ambayo wengine huitumia kumalizia, ni mbaya zaidi, kwani inayeyusha wino papo hapo. Tena maka peni za kawaida hufifia: nyeusi inakuwa zambarau au kahawia baada ya majuma kadhaa ya jua kali.

Njia ya uhakika ni kuchora macho na midomo kwa rangi ya akriliki nyeusi. Usiogope, hamhitaji brashi za gharama. Kichwa cha msumari wa inchi 3, kikichovywa, hupiga mboni duara safi. Njiti ya kiberiti upande usio na baruti hupiga nukta ndogo, na kijiti cha meno hupiga ile nukta nyeupe ya mng'ao. Chovya upya kwa kila nukta unapotaka zilingane. Ukiendelea bila kuchovya zinapungua polepole, na hilo linafaa kwa madoa ya chui au mbegu za tikiti. Kwa mistari tumia brashi namba 1 na rangi iliyolainishwa kwa tone moja la maji, la sivyo mstari unakatika katikati. Kalamu za rangi ya akriliki zipo katika baadhi ya maduka ya vifaa vya ofisi na ni nzuri sana kwa mikono midogo, ila kagua bei kabla hujaahidi watoto. Kama lazima utumie maka peni, acha mistari ikauke siku nzima, kisha puliza vanishi kwa umbali wa sentimita 25 au 30, ukungu mwepesi mara mbili, dakika 10 katikati, kabla ya kupuliza mkono unaolowesha. Kazi hiyo ni yako, nje, upepo ukiwa mgongoni, watoto wakiwa darasani.

Michoro ya awali: chora kwa penseli nyepesi, usikandamize. Chaki ni sawa pia lakini ifute kwa kitambaa chenye unyevu kabla ya vanishi, maana vumbi lake huzuia vanishi kushika. Karatasi ya kaboni haifai, wino wake una nta na unapenya juu hata ukiufunika.

Gundi nyeupe ya seremala si vanishi. Ni nzuri ndani ya nyumba, lakini maji yakiipata inalainika na kurudi nyeupe, kama ulivyoona. Tafuta vanishi ya maji inayofaa kwa nje, mikono miwili au mitatu, myembamba, kwa brashi laini, ukipita upande mmoja tu bila kurudirudi. Subiri saa 24 baada ya mchoro kukauka, na saa 2 hadi 4 kati ya mkono na mkono. Vanishi ya mbao ya mafuta inadumu, ila hugeuka njano. Kwenye kuku wa kahawia huoni tofauti, kwenye jino jeupe utaona. Usipake vanishi siku ya mvua wala jioni yenye umande: unyevu unanaswa ndani na jiwe linapata ukungu mweupe. Kwenu miezi mizuri ni Juni hadi Agosti, kwa hiyo mwanzo wa muhula wa pili ndio wakati wenyewe. Hata yakikauka kwa kugusa, usiyarundike ndani ya boksi kabla ya wiki 2 au 3, la sivyo yatanatana na kung'oana nyuso.

Sasa kutisha.

Kwanza tazama macho. Watoto huchora duara jeupe, na katikati kabisa nukta nyeusi inayoelea, weupe ukiizunguka pande zote. Macho ya namna hiyo mtu huwa nayo akiona nyoka. Ndiyo maana wa chekechea wanakimbia: jiwe lenyewe linaonekana limeogopa, nao wanaambukizwa. Sogeza mboni iguse ukingo, juu, chini au pembeni, na hofu inaondoka. Mboni zikiguswa na kope kwa juu, ni uvivu. Zikiwa pembeni zote upande mmoja, ni umbea. Moja ndani na nyingine nje kidogo, huyo kagonga kichwa. Kisha weka nukta nyeupe ndogo ndani ya mboni, zote mbili upande ule ule, tuseme juu kushoto. Bila nukta hiyo jicho ni shimo.

Pili, mahali pa macho. Yakiwa juu sana, jiwe linapata shavu refu na kidevu kirefu, sura ya mtu mzima aliyekasirika. Yashushe chini ya nusu ya jiwe na yasogeze karibu karibu, milimita 2 kati yake, hata yagusane. Paji la uso likiwa kubwa, kila kiumbe hugeuka kitoto. Halafu yasilingane. Jicho moja liwe kubwa kuliko jingine kwa robo hivi. Watoto watalalamika kwamba wamekosea; waambie ndivyo inavyotakiwa.

Tatu, meno. Mdomo uliojaa meno, kila jino na mstari wake, ni mdomo wa mamba. Jino moja tu, la mraba, likiwa pembeni na si katikati, linatosha kuchekesha darasa zima. Mdomo wenyewe uwe mfupi: kwenye jiwe la sentimita 8, mstari wa sentimita 1 au 1 na nusu. Tabasamu linalotoka sikio hadi sikio linatisha kuliko uso ulionuna.

Na kabla ya yote hayo, liangalie jiwe. Ligeuze polepole mkononi, lisimamishe, lilaze. Wape watoto dakika 5 bila brashi wala rangi, kila mmoja atafute pua. Jiwe lenye kinundu tayari lina pua, usichore nyingine. Lenye ufa lina mdomo. Lenye upande mmoja bapa litakaa lenyewe, hivyo linaweza kuwa kuku anayeatamia au bibi aliyeketi kwenye mkeka. Jiwe la mraba mrefu ni daladala: mkono wa rangi nyeupe, mstari mmoja wa bluu ubavuni, madirisha matatu, na katika kila dirisha jozi ya macho yaliyobanana. Hapo ndipo kichekesho kilipo, na mtoto yeyote aliyewahi kupanda ataelewa bila maelezo.

Nikupe mfano mmoja kwa hatua, uwaonyeshe ubaoni: kiazi mviringo aliyechoka. Chukua jiwe la mviringo mrefu, lenye vinundu kidogo. Baada ya mikono miwili ya nyeupe, changanya kahawia: vijiko 3 vya njano, 1 cha nyekundu, na bluu tone kwa tone mpaka ikubali, kwa kawaida si zaidi ya robo kijiko. Mchanganyiko huo unatosha mawe mengi. Paka mkono mmoja. Tenga kidogo, ongeza bluu tone moja upate kahawia iliyokolea, chovya mswaki wa zamani, papasa juu ya karatasi hadi ukaribie kukauka, kisha vuta nywele zake kwa kidole gumba zirushe madoa madogo. Ngozi ya kiazi hiyo imepatikana. Ikikauka, chora mayai mawili meupe chini ya nusu, yakigusana, la kulia kubwa zaidi. Subiri. Funika nusu ya juu ya kila jicho kwa ile kahawia iliyokolea. Hizo ndizo kope. Piga mboni kwa msumari mdogo, zikining'inia kwenye ukingo wa kope. Nukta nyeupe. Mdomo: mstari mmoja mnyoofu, mfupi, umesogea upande wa jicho dogo. Acha hapo hapo. Mtoto atataka kuongeza mikono, kofia na jina la baba yake. Hapo ndipo mwalimu anapochukua brashi.

Mawe mawili huchekesha kuliko moja, kwa sababu macho yanaweza kutazamana. Kitunguu chenye machozi kikitazamwa kwa pembeni na nyanya. Kuku akikodolea jiwe jeupe la umbo la yai ambalo nalo lina macho. Dagaa sita, vijiwe vyembamba vya fedha, wote wakitazama kushoto isipokuwa mmoja. Kwa siku ya wazazi, sahani ya vitumbua vya mawe huwa haikosi wateja: mawe ya duara yaliyobonyea, rangi ya dhahabu, ukingo mweupe, kahawia iliyopigwa kwa sponji juu, na kimoja tu katikati yao kimefumbua jicho. Iweke mbali na meza ya chai, maana kuna mzee atajaribu kung'ata.

Mawe bapa mapana yanafaa kwa mtindo wa kanga: pindo la nukta pande zote nne, mji, yaani pambo la kati, na chini yake jina, yaani usemi. Maneno yawe machache, herufi zisiwe chini ya milimita 5, ziandikwe kwanza kwa penseli kuanzia herufi ya katikati kwenda pembeni ili yasiishie njiani. "Mimi si kokoto" inatosha. "Niache nipumzike" nayo inatosha.

Kuhusu kuuza, kuna jambo la kuiga. Mwaka 1975 Gary Dahl wa California, Marekani, aliuza mawe ya kawaida kabisa, bila hata tone la rangi, kama wanyama wa kufugwa. Kila moja lilikuwa ndani ya boksi lenye matundu ya kupumulia na kijitabu cha malezi, kwa dola 4 hivi, na yalinunuliwa zaidi ya milioni moja katika miezi michache. Kichekesho kilikuwa kwenye karatasi. Basi waache watoto waandike kadi ndogo ya kila jiwe: jina, chakula anachopenda, anachoogopa. Hilo ni somo la Kiswahili ndani ya somo la sanaa, na halina gharama. Nyuma ya kadi wewe andika ukweli: lifutwe kwa kitambaa chenye unyevu, lisilowekwe, lisiwekwe kwenye tangi la samaki, na lisipewe mtoto wa chini ya miaka 3 kama ni dogo kiasi cha kuingia mdomoni.

Mkitaka kubandika kitu, gundi ni epoksi ya mirija miwili, sehemu sawa kwa sawa, kwenye sehemu isiyopakwa rangi. Gundi ya papo hapo inashika haraka lakini jiwe likianguka mara moja inaachia. Nywele za katani zinapendeza kuliko za uzi, ndevu za babu hasa, ila ni kwa mawe ya ndani, mvuani zinaoza. Vile vijicho vya plastiki vinavyotikisika navipinga kwa sababu moja tu, kwamba jiwe lolote ukilibandika linapata sura ile ile.

Bustanini, panga mawe juu ya kokoto au matofali, si juu ya udongo mtupu, na ikiwezekana chini ya ukingo wa baraza. Rangi ya waridi na zile kali zinazowaka hufifia kwanza. Mkono mmoja mpya wa vanishi kila mwaka, kabla ya mvua, huongeza maisha yake sana.

Mwisho, hayo mliyo nayo msiyatupe. Yalowekeni usiku kucha kwenye ndoo ya maji ya vuguvugu yenye sabuni. Rangi ya shule na gundi vitalainika vyenyewe, mmalizie kwa brashi ya kufulia na ukingo wa kijiko. Hayo maji mwageni mbali na ziwa. Madoa ya wino yaliyoingia ndani ya jiwe yasuguliwe kwa pamba yenye spiriti. Yakishakauka siku 2, yarudieni kipimo cha selotepu. Yatakayofaulu ni mawe yenu ya muhula ujao, na yatakayoacha mchanga kwenye selotepu yarudisheni nyuma ya shule.